Mama Dirisha aifikia bahari aliyoiuza kwa zaidi ya miaka 20

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Foleni imeshatoka nje ya mlango wa ofisi ya tiketi, na wa kwanza ni baba mwenye watoto watatu na boya la kuogelea ambalo tayari limejazwa upepo. Sijui nani aliwaambia bahari inaanzia hapa stendi.

"Pwani, mkubwa mmoja na watoto watatu," anasema baba huyo. "Tunafika saa ngapi?"

Nyuma ya kioo chenye tundu dogo la kupitishia sauti, mwanamke wa miaka arobaini na saba anaweka kalamu chini na kumtazama mteja wake usoni.

"Karatasi inasema safari ni saa tisa. Mimi nilitumia saa thelathini. Beba maji, beba chakula cha watoto, na hilo boya litoe upepo, baba, utalikalisha wapi?"

Baba anatoa macho. Watu wa nyuma wanacheka. Yeye mwenyewe anasita, anawatazama watoto, kisha naye anacheka na kutoa nauli.

"Nenda," anaambiwa huku tiketi zikikatwa. "Nenda tu, utanishukuru."

Abiria wanamwita Mama Dirisha. Ni karani wa tiketi kwa mwaka wa ishirini na mbili sasa, kwenye dirisha hilohilo na kiti hichohicho, ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Kwa makisio yake ameshakata tiketi zaidi ya laki tatu, na nyingi zilikuwa za watu wanaokwenda kupumzika baharini. Mshahara wake, anasema, unatosha kodi ya nyumba na unga. Likizo haimo.

Na bahari yenyewe? Hadi mwaka jana, Mama Dirisha alikuwa hajaiona hata kwa mbali.

"Watu walikuwa wananiuliza, 'Dada, huko kukoje?' Nawajibu maji ya uvuguvugu, mchanga laini kama unga. Nani aliniambia? Abiria wa jana! Nachukua maneno ya aliyerudi, nampa anayekwenda. Nilikuwa mwongo, lakini mwongo mwenye heshima."

Si kwamba hakutaka kwenda. Alikuwa amemwahidi dada yake mkubwa, mwanamke wa miaka sitini na tatu aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na aliyeanza kufua mashuka ya hospitali ili mdogo wake amalize shule, akafua miaka thelathini. Ndani ya miaka kumi na minne walipanga safari mara sita. Mara zote sita likizo ilifutwa dakika za mwisho, kwa sababu shule zikifungwa kila mtu anataka kusafiri, na kila mtu akitaka kusafiri dirisha haliwezi kufungwa.

"Begi letu lilifungwa mara sita, likafunguliwa mara tano," anasimulia. "Ile mara ya sita dada hakulifungua. Akaniambia, 'Liache hivyohivyo, mdogo wangu. Mimi nimechoka kukunja nguo.' Nililia siku ile, sikufichi."

Mwaka jana hatimaye akapewa siku tatu. Ijumaa kwenda, Jumamosi kukaa, Jumapili kurudi. Meneja wa ofisi aliposaini karatasi ya likizo aliongeza maneno mawili matatu ya kumsindikiza: Jumatatu alfajiri dirisha hilo lisipofunguka, asimtafute, maana wanaolitaka ni wengi.

Basi lilitakiwa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Liliondoka saa moja na nusu, baada ya kubadilishwa tairi moja, kisha kugundulika kwamba tairi lililowekwa lilikuwa baya kuliko lililotolewa.

"Nilikuwa sijui kwamba kiti namba ishirini na tatu hakilali," anasema Mama Dirisha akijishika kifua. "Nimewauzia watu miaka yote hiyo, tena kwa bei ileile! Nikakaa wima kama nasubiri kupigwa picha."

Saa tano injini ikachemka. Abiria arobaini na sita wakashuka, wakapanga mstari kwenye kivuli chembamba cha basi, na kila jua liliposogea nao wakasogea. Dereva akaifunua rejeta, akapigwa na mvuke, akaifunika. Fundi aliitwa kwa simu. Alikuja baada ya saa tatu, kwa baiskeli.

Ni hapo ndipo bwana mmoja mwenye kofia ya manyoya, kofia isiyoeleweka kabisa kwa jua lile, alipomsogelea na kumkazia macho.

"Si wewe wa dirishani?"

"Ni mimi."

"Si wewe uliyeniambia saa tisa alasiri nitakuwa napunga upepo?"

"Ni mimi, kaka."

"Haya, upepo uko wapi?"

Watu wakacheka, lakini si kicheko cha furaha. Kufumba na kufumbua alikuwa amezungukwa. Huyu aliambiwa hivi, yule aliambiwa vile, mama mwenye mtoto mgongoni aliambiwa basi lina maji ya kunywa. Dada Mkubwa, aliyekuwa ameketi juu ya begi akikanda magoti, akapaza sauti yake ya dobini.

"Mwacheni! Amejiuzia tiketi yeye mwenyewe, na yuko hapa juani na nyinyi. Mnataka adhabu gani zaidi ya hiyo?"

Hapo kicheko kikawa kicheko kweli. Lakini Mama Dirisha anasema maneno ya dada yake yalimchoma kuliko ya yule bwana wa kofia. Akasimama mbele ya watu.

"Niliwaambia saa tisa kwa sababu imeandikwa hivyo. Barabara hii sijawahi kuipita. Maneno ya bahari nayo ni ya kuazima, sijawahi kuiona. Mnisamehe."

Mama mwenye mtoto mgongoni akauliza polepole, "Hujaiona hata kidogo?"

"Hata kidogo."

"Basi leo lazima uione," akasema yule mama, na akampa nafasi kwenye kivuli.

Lazima ni neno rahisi kutamka. Saa tisa alasiri, muda ambao ratiba ilisema watakuwa wamefika, ndipo basi lilipowaka. Saa kumi na moja jioni wakakuta lori limelala katikati ya barabara na shehena yake ya magodoro imetapakaa. Njia ilifunguliwa saa saba usiku. Basi likajikokota hadi Kituo cha Pili, ambacho ni zaidi kidogo ya nusu ya safari, likaingia uani, na hapo gia zikagoma moja kwa moja. Watu wakasinzia vitini hadi kukapambazuka.

Jumamosi saa mbili asubuhi, ofisi kuu ikapiga simu. Kuna basi linarudi mjini saa tatu. Anayetaka kurudi arudi bure na nauli yake atarejeshewa. Anayetaka kuendelea asubiri kipuri. Kipuri kitafika lini? Labda jioni, labda kesho.

Kwa mtu mwingine hilo lilikuwa jambo la kukasirika tu. Kwa Mama Dirisha lilikuwa jambo la kazi yake. Kipuri kikifika Jumapili, asingekuwa na njia yoyote ya kuwa dirishani Jumatatu alfajiri. Abiria kumi na watano walikuwa wameshahamisha mizigo. Dada Mkubwa akanyanyua begi.

"Turudi, mdogo wangu. Maji ya chumvi si kitu. Kazi yako ndiyo kitu."

"Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeahirisha kwenda sokoni," anakumbuka Mama Dirisha. "Nikamwangalia anavyochechemea kulifuata basi la kurudi. Hii ingekuwa mara ya saba. Na magoti yale, nilijua hakutakuwa na ya nane. Roho ikaniuma, nikasema hapana. Hapana! Nikakaa chini pale uani, nikashika kichwa, nikaanza kufikiria kama karani."

Akafikiria hivi. Tiketi za kurudi Jumapili alizikata mwenyewe, na zilijaa mabasi mawili. Basi moja hulala pwani. La pili hukaa wapi wiki nzima? Halikai pwani, kwa sababu huko kuegesha mabasi mawili huruhusiwa usiku wa Jumamosi tu. Hutoka Kituo cha Pili, tupu, kila Jumamosi saa kumi jioni. Miaka yote amekuwa akiandika namba za basi hilo kwenye karatasi bila kulitazama. Akainua macho. Lilikuwa pale pale, kando ya ukuta, limeoshwa.

Akaenda hadi kwenye dirisha la tiketi la kituo hicho. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alisimama upande wa nje wa dirisha, akagonga kioo.

Hapa inabidi msomaji aelezwe jambo. Kila asubuhi, kwa miaka minne, Mama Dirisha alikuwa akizungumza kwa simu na karani wa Kituo cha Pili ili kulinganisha idadi ya abiria. Walikuwa hawajawahi kuonana. Sauti ya huyo karani ni nzito, yenye mikwaruzo, sauti ya mtu aliyekula chumvi nyingi. Kwa hiyo kila asubuhi alimwamkia, "Shikamoo, Babu," na Babu alijibu, "Marahaba, mwanangu," kisha wakaendelea na kazi.

"Shikamoo, Babu!" akaita dirishani. "Ni mimi, wa stendi kuu!"

Kioo kikafunguliwa. Kikajitokeza kichwa cha mwanaume wa miaka thelathini na moja, ndevu nyeusi tii, macho yamemtoka kama aliyefumaniwa.

"Babu yuko wapi?" akauliza Mama Dirisha.

"Babu," akasema yule mwanaume kwa ile sauti nzito, "ndiye mimi."

Karani huyo, ambaye nilimpigia simu, anakiri kosa lake bila kujitetea sana. "Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa na mafua, sauti imekauka. Mama akaniamkia kabla sijafungua mdomo. Nikaitikia tu. Kesho yake ningeanzaje kusema mimi si mzee? Siku zikaenda. Mwaka ukaenda. Nikajikuta nimezeeka."

Mama Dirisha hakujua acheke au avue kiatu. Dada Mkubwa hakuwa na shida hiyo. Alicheka mpaka akashikilia ukuta. Babu akatoka nje, akasimama mbele ya mama huyo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Na za miaka minne zote, shikamoo."

"Marahaba," akajibu Mama Dirisha. "Sasa nisikilize vizuri. Basi lile la ukutani linakwenda pwani leo hii hii, tupu. Tofauti ni saa chache tu, na watu thelathini na mmoja."

Mtu aliyejibu marahaba elfu moja na ushee asizostahili hana nguvu ya kukataa. Babu alipiga simu ofisi kuu, akabishana, akakatiwa, akapiga tena. Alitumia ile sauti yake ya uzee yote. Dereva aliamshwa nyumbani kwake, mtaa wa nyuma, akaja akifunga vifungo vya shati. Saa tatu na nusu basi likatoka. Bwana wa kofia ndiye aliyempakia Dada Mkubwa begi lake, na akamwachia kiti cha mbele.

Walifika saa saba na nusu mchana. Saa thelathini kamili tangu waondoke stendi. Basi lilipokata kona ya mwisho, watu wote waligeuka kumtazama Mama Dirisha.

"Nilidhani ni anga," anasema. "Nikamuuliza dada, mbona anga imeshuka chini? Kisha ikasogea. Jamani! Nililia na kucheka pamoja, kamasi huku, machozi huku. Mchanga si laini kama unga. Una vipande vya makombe ya baharini vinavyochoma. Maji ni baridi mwanzoni. Kila nilichowaambia watu ni uongo, na bado ni kuzuri kuliko nilivyosema."

Dada Mkubwa hakungoja kwenda nyumba ya wageni. Alivua gauni lake pale pale mchangani, na kumbe ndani alikuwa amevaa nguo za kuogelea tangu nyumbani, saa zote thelathini! Akachechemea moja kwa moja hadi maji yakamfika kiunoni, akageuka, akamwita mdogo wake kwa jina lake la utotoni. Walikaa majini mpaka vidole vikakunjamana. Magoti, anasema Dada Mkubwa, hayakuuma hata mara moja.

Basi la Jumapili liliwarudisha kwa saa tisa kamili. "Sikuamini. Nilitaka kumkumbatia dereva," anasema Mama Dirisha. Jumatatu saa kumi na moja kasorobo alfajiri dirisha lilikuwa wazi.

Wiki mbili baadaye ofisi kuu ilipokea barua yenye sahihi ishirini na tisa za abiria wenzake. Ya kwanza ni ya bwana wa kofia. Haikulalamika, ilisema karani aseme ukweli kama alivyousema njiani, na kila karani apande basi analouza. Ofisi kuu imekubali yote mawili. Kuanzia mwaka huu kila karani wa njia hiyo anapewa safari moja kwa mwaka, na siku za kutosha.

Mama Dirisha amepewa siku saba. Ananionyesha mchoro wa viti wa Ijumaa ya safari yake. Kiti cha kwanza, karibu na mlango, ni cha Dada Mkubwa. Cha pili ni cha Babu, ambaye kwa miaka yote amepeleka mabasi matupu baharini bila kupanda hata moja. Cha tatu ni cha karani wa Kituo cha Kwanza, cha nne ni chake mwenyewe. Cha tano kina jina lililoandikwa juzi tu.

"Meneja," ananinong'oneza kupitia tundu la kioo. "Miaka kumi na mitano anasaini likizo za watu. Naye hajawahi. Alikuja jioni akaniuliza, taratibu, kama kiti cha tano kina mtu."

Alimjibuje?

"Nikamwambia kiko wazi, mkubwa, ila zunguka mbele upange foleni."

Akazunguka. Akasimama nyuma ya watu wawili, na zamu yake ilipofika akainamia tundu la kioo na kuuliza wanafika saa ngapi.