Mguu Wangu na Mlima wa Changamwe

Mpaka leo nikimkumbuka yule fundi damu hunichemka. Wanangu huniambia, baba, samehe, hayo ni mambo ya wakati wa vita. Nisamehe nini? Mtu alinivunjia jina mbele za watu, tena akitabasamu.

Nilikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja wa Chaani. Kazi yetu ilikuwa kubeba magunia kutoka bandarini, tunapanda mlima wa Changamwe, tunakwenda kushusha Port Reitz. Lori lile nililijua vizuri kuliko nyumba yangu. Basi fundi wa tajiri akalitia mkono, akalipaka mafuta kila mahali, na juma lilelile likaanza kulia. Kwenye tambarare, kimya. Nikifika mlimani na mzigo, nikakanyaga mafuta kwa nguvu, inatoka ngurumo chini ya miguu yangu na sakafu inatetemeka mpaka meno yanagongana. Nikiachia mafuta, kimya tena.

Nikafanya afanyalo dereva yeyote mwenye masikio. Nililisimamisha, nikatoa gia, nikakanyaga mafuta mpaka injini ikapiga ukelele. Hapakuwa na mtetemo. Basi injini haina kosa. Nikapanda mlima kwa gia ya kwanza, safari nyingine kwa ya pili, na ngurumo ni ileile. Gia mbovu hulia yenyewe, haiwaambukizi wenzake. Ilibaki propela, ule mtaimbo mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma, na krosi zake, vile viungo vinavyoufanya uweze kupinda. Nikamwambia tajiri, "Bwana, krosi ya nyuma ifunguliwe itazamwe."

Hapo fundi akaruka. "Krosi nimezitia grisi kwa mkono wangu mwenyewe! Taabu ni mguu wake. Mguu mzito huu, anakanyaga mafuta kama anaua nyoka. Giaboksi inakufa hiyo, shemeji."

Shemeji! Ndiyo, dada yake alikuwa mke wa tajiri. Ningemshinda vipi? Ilikuwa alasiri, saa ya kahawa, na baraza la pale kwenye kona ya mlima lilikuwa limejaa madereva na makuli. Tajiri akanyosha mkono, nikamkabidhi ufunguo, watu wakacheka. Tangu siku ile nikaitwa Mguu Mzito, na kutoka Changamwe mpaka Likoni hakuna mwenye lori aliyetaka hata salamu yangu. Nani ampe gari lake dereva anayeua giaboksi? Nikaenda bandarini kubeba magunia kwa mgongo, magunia yaleyale niliyokuwa nikiyaendesha. Jioni mke wangu alinisugua mgongo kwa mafuta ya nazi, hasemi neno. Kimya chake ndicho kilichoniuma kuliko magunia.

Lori akapewa mpwa wake fundi, kijana aliyesifiwa kwa mguu mwepesi. Haya! Mimi kila nikitoka kazini nikawa nakwenda kukaa kwenye baraza lilelile nililoaibishwa. Watu wakashangaa, huyu hana haya? Lori likaja, kijana akakanyaga mafuta pale chini ya mlima, nguruuu! Nikavua kiatu, nikainua mguu wangu juu kila mtu auone.

"Jamani, mguu wangu huu hapa! Ule ulio ndani ya lori ni wa nani?"

Walicheka mpaka muuza kahawa akamwaga kahawa yake. Kesho yake nikauinua tena. Haukupita muda ikawa mchezo wa baraza zima: lori likinguruma, miguu yote juu. Yule kijana akawa anapita ameshusha kofia mpaka machoni. Fundi akanijia amefura, akaniita hasidi.

"Husuda yangu haina nguvu za kutikisa lori, bwana," nikamwambia. "Fungua krosi."

Hakufungua. Lakini habari zilimfika tajiri, na alasiri moja akapanda mwenyewe ndani ya lori pamoja na fundi wake. Likanguruma, miguu ikainuka. Akashuka uso umemvimba. Nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, nikasema, "Bwana, krosi ifunguliwe hapahapa mbele za hawa. Nikiwa nimekosa, sishiki usukani tena maisha yangu."

Fundi akasema spana hana. Lo! Kila dereva aliyekuwapo akatoa yake.

Niliingia chini ya lori mwenyewe. Krosi ya nyuma ilipotoka, haikuwa na grisi hata chembe. Ilikuwa imejaa kitu cheupe, kimeganda, na vile vijiti vya chuma vya ndani, vyembamba mfano wa sindano, vilikuwa vimeliwa vibaya. Nikanusa, nikajua. Deheni! Mafuta ya mnyama yaliyokandwa na chokaa, ile wapakayo majahazi chini ili yasiliwe na wadudu wa baharini. Fundi alikuwa mtoto wa waunda majahazi. Grisi ilikuwa haionekani kwa ajili ya vita, naye akaona kinachofaa mbao kitafaa na chuma kinachozunguka. Chokaa, bwana we, ilisaga chuma kila nilipokanyaga mafuta! Na angalisema tu, "Jamani, grisi sikupata," nani angemlaumu? Aliona afadhali anizike mimi.

Nikamletea kipande kiganjani. "Kama ni grisi, onja."

Hakuonja. Tajiri akaonja, akatema, akanipa ufunguo. Sikuupokea.

"Atanipa aliyesema nina mguu mzito," nikasema. "Aushike kwa mikono miwili, asimame papo hapo, mpaka mke wangu aitwe."

Akaitwa. Nyumbani kwetu Chaani si karibu kwa miguu, na fundi alisimama na ufunguo wake muda wote ule, baraza zima linamtazama, kahawa inapoa. Mke wangu akaja amejitanda kanga, anatweta. Fundi akainamisha kichwa, akaninyoshea ufunguo, akasema kwa sauti ndogo, "Mguu wako haukuwa na kosa."

Mimi nilimsikia vizuri sana, nikanyosha mkono nipokee. Mke wangu akanishika mkono akanizuia.

"Mimi sijasikia," akamwambia. "Sema tena."