Waya za Binti Yangu

Mwaka wa 1978 nilikuwa na miaka kumi. Kazi ya baba kwenye mgodi wa shaba wa Kilembe ikaisha, na shule yangu ikaishia hapo hapo. Nikashuka Bwera, mpakani, kubeba magunia ya kahawa. Nilijifunza kitu kimoja, na mpaka leo hakuna wa kunishinda: kufunga mzigo. Lori niliyofunga mimi inapita mashimo yote mpaka Kasese na gunia halisogei.

Ndiyo maana nilidhani meno ni jambo dogo.

Kitinda mimba wangu, meno yake ya utoto yalipong'oka, yaliyofuata yalipandana kama watu wanaogombea mlango wa harusi. Shuleni walimpa jina ambalo siliandiki. Akaanza kucheka huku kiganja kimefunika mdomo. Nyumba yangu nzima tunacheka kwa sauti. Yeye peke yake anachekea mkononi. Nilitaka huo mkono ushuke. Hilo tu.

Daktari wa meno wa Kasese, umri wake sawa na mwanangu wa kwanza, alimgandishia vichuma vidogo, kila jino na chake, akapitisha waya. Akatueleza kwamba mwanzoni ataumwa, ale uji na viazi vya kuponda, asiguse muwa wala mahindi ya kuchoma, apige mswaki kila akimaliza kula, na kila mwezi arudi kukazwa. Miaka miwili, pengine zaidi.

Nikamwambia akaze yote leo tumalize. Mimi najua kukaza.

Hakucheka. "Mzee, hii si lori. Nikivuta kwa nguvu, muzizi inakufa. Jino inatembea pole pole, mufupa inajijenga nyuma yake. Hakuna mutu anaweza kuiharakisha. Hata mimi."

Nimewajibu maafande wa mpakani, nimewajibu matajiri. Huyu nilimlipa tu, nikamshika binti mkono tukaondoka.

Baadaye ncha ya waya ikatoka mahali pake, ikawa inamchoma shavu kwa ndani. Daktari alikuwa safarini mpaka Jumatatu. Kwa simu alisema tubandike kwenye ncha ile nta aliyotupatia, asukutue kwa maji ya chumvi, tungoje. Kungoja! Nikaenda kwenye lori nikachukua koleo linalokata chuma cha unene wa kidole, nikarudi nalo mpaka mlangoni pa chumba cha binti. Mama yake akaniuliza kama nina wazimu. Binti alikuwa amekaa mbele ya uji uliopoa, machozi yanashuka bila sauti.

"Baba, weka hiyo kitu chini," akasema. "Kaa tu hapa."

Nikakaa. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile.

Sasa mwaka umepita. Meno yamesogea, naona mwenyewe, lakini mkono bado unapanda. Siku hizi anaficha waya. Na daktari anasema hata zikitoka, atalala na kifaa kingine mdomoni, la sivyo meno yatarudi yalikotoka. Nikauliza nani atayazuia. Akasema, binti mwenyewe.

Ninapoandika haya yuko uani na dada zake, wanacheka. Sauti yake naisikia. Sitoki kwenda kuangalia mkono uko wapi.

Mali yangu leo: lori mbili, nyumba ya matofali na ghala hapa Bwera, shamba la kahawa Rukoki, mbuzi kadhaa, koleo, na kamba za kufunga mzigo wowote, isipokuwa meno ya binti.