Kilo Hamsini na Mbili za Wifi Siwema

Mimi Nasma nina mdomo, Kariakoo wananijua. Nauza vitambaa, mita zangu sipunji, na umbea nao sipunji. Wifi yangu Siwema, mke wa kaka yangu Mrisho muuza nafaka, alikuwa mnene wa kujidai. Akisimama kucheza kwenye shughuli, sisi wengine hatuonekani. Siku moja alisema mbele za watu kwamba gauni langu limetundikwa msumarini, halijavaliwa. Sikumsamehe.

Saratani ya titi ilipomshika akaanza kupukutika, nami nikapata pa kulipizia. Kaka alinipa kazi ya kumsindikiza hospitali, na kilo pale zinasomwa kwa sauti, koridoni. Zikishuka tu, jioni barazani wanajua. Watu wakaanza kunong'ona kwamba ana ngoma, yaani ukimwi. Masikini akawa anavaa madira matatu chini ya baibui, na joto lote hili la Dar. Nilicheka, tena sana.

Mara ya nne nesi akatueleza kwa nini wanampima kila tukienda. Dawa ile ya saratani haikadiriwi kwa macho. Wanachukua urefu na kilo, wanapiga hesabu wajue ngozi yake yote ikitandazwa ni mita za mraba ngapi, ndipo wanachanganya. Ikizidi, alisema, mwili unabaki hauna kinga hata ya mafua. Nilimwelewa upesi. Kupima kitambaa kwa mwili wa mtu ndiyo kazi yangu.

Nikamshika Siwema kiuno apande mizani. Mkono wangu ukagonga chuma. Alikuwa amejifungia kwa kanga mawe ya mizani ya dukani kwao, mawili ya kilo tano. Akaniangalia.

"Wifi, usiniumbue," akaninong'oneza. "Leo tu."

Nesi alisoma hamsini na mbili, akafurahi kwamba mgonjwa ameacha kuporomoka. Mimi nilijua pale hapakuwa na mtu wa kilo hamsini na mbili. Neno moja lingetosha. Ila sitadanganya, ilinipendeza kumwona aliyenicheka akiniomba mimi. Nikanyamaza, nikaenda zangu kununua chai.

Siku ya nane baada ya dawa homa ikampanda. Kinywa chote vidonda, hata maji hayapiti. Daktari akatuuliza kama kuna jambo lolote anapaswa kulijua. Mrisho alikuwa pembeni yangu, nikamwogopa. Nikasema hakuna. Siku ya kumi na moja tukamzika.

Wakati wa kumwosha niliwatoa wanawake wote chumbani, nikabaki na mwoshaji peke yake, bibi mmoja wa Mtaa wa Swahili. Tulimgeuza Siwema kwa mkono mmoja mmoja. Bibi yule alinitazama, na mimi nikaendelea kumimina maji.

Nilipotoka uani wakanizunguka, wanataka habari, kama walivyozoea. Nikawaambia Siwema ameondoka na mwili wake vilevile, umejaa, mashallah. Hakuna hata mmoja aliyeniamini.