Mabawa Aliyoyashona Shangazi

Shangazi alizijua ndege za mabawa mawili kwa kikohozi cha injini. Akiwa kwenye cherehani yake barazani, mguu ungesimama ghafla, atoe pini mdomoni, atoke uani na kusema, "Ya njano hiyo. Nyekundu haikohoi hivyo." Sisi tulikuwa hatujasikia hata nzi. Punde ya njano ingetokea juu ya mapaa, bawa juu ya bawa, imembeba mgeni mwenye miwani mikubwa anayezungushwa aone mji. Mtaani tuliziita ndege za ghorofa.

"Mabawa yale nimeyashona mimi," angemwambia yeyote aliyekuwa karibu, hata muuza mkaa. Mtaa mzima ukamwita Fundi Mbawa.

Rubani wa ile ya njano ni baba yangu, mdogo wake Shangazi. Mume wa Shangazi alipofariki, Shangazi alikaa miezi bila kuigusa cherehani. Baba akampa kazi: ndege hizo za zamani huvikwa kitambaa, na kitambaa hushonewa kwenye mbavu za mbao kwa mkono, kifundo baada ya kifundo. Shangazi akafufuka. Vifundo vyake vyote vilikaa kushoto mwa ubavu, kwa kuwa anatumia mkono wa kushoto.

Sasa niseme tusilotaka kulisema. Mkaguzi wa ndege aliikataa kazi yake mwaka ule ule wa kwanza. Baba hakuthubutu kumwambia. Kila Shangazi alipomaliza bawa na kwenda nyumbani, alikuja fundi mwingine mwenye cheti, akafumua yote na kushona upya. Kisha rangi. "Usije wakati wa rangi, dada," Baba angemwambia, "harufu yake itakuharibia kifua." Miaka tisa! Mimi nilijua, maana ndimi niliyefagia nyuzi zilizofumuliwa. Mama alijua. Hata mlinzi wa lango la uwanja wa ndege alijua, na kila siku alimwamkia, "Shikamoo Fundi Mbawa," bila kucheka.

Jumamosi moja abiria hakutokea. Orodha ya abiria naiandika mimi, na Shangazi alikuwa amekuja kutazama, kama kawaida yake. Nikamwonea huruma, nikaandika jina lake. Ujinga wangu ndio huo: nilifikiria anga, nikasahau bawa. Baba alinikodolea macho, lakini Shangazi alishavaa kofia ya ngozi.

"Twende, mdogo wangu," alisema, "kabla sijafa kwa furaha."

Walipopita juu yetu mara ya kwanza alikuwa akipunga mikono yote miwili. Mara ya pili hakupunga. Alikuwa ameinamia bawa la chini, lile lililo karibu kabisa na kiti, ambapo vifundo hutokeza chini ya rangi.

Alishuka bila kushikwa mkono.

"Vifundo viko kulia," alisema.

"Dada, hebu tukae kwanza," Baba alimwambia.

"Nani kashona?"

"Mkaguzi alikataa. Sikutaka kukuvunja moyo."

"Kwa hiyo ukaniacha nijisifu mtaani miaka tisa." Akanigeukia. "Na wewe, mwanangu? Ulikuwa unajua?"

Nilikuwa nimeshika orodha. Nikasema ndiyo.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Na mimi fundi nguo mzima, nisikione."

Akavua kofia, akanikabidhi, akaondoka kwa miguu. Baba aliita mara moja tu. Mimi sikuita kabisa, na hilo linaniuma kuliko yote.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwake. Aliitikia shikamoo yangu, akanisogezea kiti, akaendelea kushona sare za shule. Ya njano ikapita juu ya paa, inakohoa. Cherehani haikusimama.

"Shangazi," nikasema, "ndege."

"Ndege gani?" aliuliza, akakata uzi kwa meno.