Madoa Ishirini na Matatu

Arthur Chilumba alizaliwa Masasi, mtoto wa mpiga kengele wa kanisa, na kama wenzake wengi wa pale misheni alikua akijua kwamba atakuwa mwalimu, seremala au shemasi. Akawa mwalimu. Mwaka 1946 alipelekwa Newala, juu mlimani, kufundisha hesabu, na huko ndiko alikokutana na darubini.

Darubini ilikuwa ya Padri Wilfred, Mwingereza mrefu mwenye mgongo mbovu, aliyekuwa akilichora jua kwa ajili ya chama cha watazama anga huko kwao. Hakulitazama kwa jicho, maana hiyo ni kujipofusha. Aliielekeza darubini juani, na mwanga uliotokea upande wa pili ukaangukia karatasi nyeupe iliyobanwa ubaoni, ukafanya duara kama sahani. Ndani ya duara yalionekana madoa meusi ya jua lenyewe, mengine madogo kama punje za ulezi. Kazi ilikuwa kuyafuata kwa penseli, kuyahesabu, kuandika tarehe na saa. Watu wa chama kile walikuwa wametapakaa duniani, na siku moja hiyohiyo wote walichora jua lilelile.

Mgongo ulipomzidi, Padri alimfundisha Arthur. Kuanzia Machi 1947 mkono uliochora ukawa wa Arthur, na jina lililoandikwa chini likabaki la Padri. Arthur hakuona ubaya wowote. Kila asubuhi saa tatu, kabla ya kipindi chake cha kwanza, alikuwa nyuma ya nyumba ya misheni, na kila mwisho wa mwezi karatasi zilitiwa kwenye bahasha zikaenda Uingereza. Nakala alizitunza mwenyewe katika sanduku la bati.

Mkewe Julia, binti wa Sikuzani wa kijiji cha Chilangala, alimcheka.

"Baba Ethel, leo jua lako lina tetekuwanga ngapi?"

"Saba."

"Basi mwiteni mganga."

Newala siku zile haikuwa na maji. Wanawake walishuka ukingo wa mlima alfajiri, wakateka bondeni, wakapanda tena na debe kichwani. Asubuhi moja ya Juni 1952 Julia alisimama mlangoni na madebe mawili.

"Nisindikize na baiskeli mpaka ukingoni, leo nataka kuchota mawili."

"Nangoja ukungu uondoke," alisema Arthur. "Nikimaliza nitakufuata."

Ukungu ulichelewa kuondoka. Julia aliteleza wakati wa kupanda, akaanguka juu ya mawe. Walimleta juu kwa machela ya miti na kanga, na siku ya tatu akafariki. Binti yao Ethel alikuwa na miaka sita.

Walimzika Jumamosi, tarehe kumi na nne. Asubuhi ile, wakati vijana wakichimba kaburi, ilipofika saa tatu Arthur aliinuka mkekani alipokaa na wanaume wenzake. Akaenda nyuma ya nyumba ya misheni, akachora, akarudi akakaa palepale. Penseli aliisahau sikioni. Sikuzani, mama yake Julia, aliiona, akanyamaza mpaka arobaini ilipokwisha. Ndipo aliposema, mbele ya ndugu wote, "Mwanangu analala ndani ameviringishwa sanda, na huyu kaenda kuangalia jua lake. Mimi sina la kusema na mtu wa namna hii." Akamchukua Ethel, akarudi naye Chilangala.

Arthur alikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu: upo, unauona, lakini ukiuchoma mwiba haujui. Alisahihisha madaftari, na hakukosea. Alikula ugali wa muhogo, na ungeweza kumwekea majivu mahali pa mboga. Watu walimngoja alie, wakachoka kungoja, wakasema ana moyo wa jiwe. Mwenyewe alidhani huenda ni kweli. Kitu kimoja tu alikuwa nacho cha kushika: kwamba walau siku ile kazi aliifanya sawasawa.

Kila mwisho wa mwezi alikwenda Chilangala kwa baiskeli na sabuni, sukari na kipande cha kitambaa cha Ethel. Alisalimia, alikaa kidogo, aliondoka. Miaka mitano ikapita hivyo. Padri Wilfred alirudi kwao mwaka wa tatu, akamwachia darubini na bunda la karatasi, na karatasi zikaendelea kwenda kwa jina lilelile.

Oktoba 1957 ilikuja barua iliyoandikiwa Padri Wilfred. Padri mpya aliigeuza mkononi, akampa Arthur. "Nadhani hii ni yako, Mwalimu."

Aliyeandika alikuwa bwana mmoja wa kile chama, aliyekuwa akikusanya michoro ya miaka kumi. Alisifu karatasi za Newala. Zilikuwa zaidi ya elfu mbili, alisema, na katika hizo moja tu ilipingana na za wengine. Tarehe 14 Juni 1952 wachoraji wote, kila mmoja katika nchi yake, waliona madoa mawili karibu na ukingo wa jua. Newala ilikuwa imechora ishirini na matatu, yameenea duara zima. Je, kioo kilikuwa na vumbi? Au karatasi zilichanganyika?

Arthur alifungua sanduku la bati, akaitoa nakala. Mwandiko ulikuwa wake, umenyooka. Madoa ishirini na matatu, kila moja na namba yake, kila moja limezungushiwa kivuli chake kama alivyofundishwa. Alikumbuka alivyoyahesabu mara mbili ili awe na hakika. Aliketi kitandani na karatasi magotini. Hakulia. Viganja tu vilikuwa baridi, na nje ulikuwa mchana wa Oktoba, bati linalia kwa joto.

Ilimchukua siku tatu kujibu. Angeweza kusema vumbi, na habari ingekwisha. Aliandika:

"Bwana mpendwa, kioo kilikuwa safi na karatasi hazikuchanganyika. Mchoraji tangu Machi 1947 ni mimi, si Padri Wilfred. Siku hiyo tulimzika mke wangu. Madoa niliyoyachora hayakuwapo. Tafadhali ifuteni siku hiyo. Arthur Chilumba, mwalimu."

Alipoipeleka posta hakurudi nyumbani. Alipanda baiskeli mpaka Chilangala, nakala ikiwa mfukoni.

Sikuzani alikuwa uani, anageuza muhogo juani. Arthur alichutama mbali kidogo, macho chini, kama impasavyo mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba Ethel. Mbona leo si mwisho wa mwezi?"

Akamnyoshea karatasi kwa mikono miwili. Sikuzani hakujua kusoma, lakini madoa aliyaona.

"Nini hii?"

"Ndiyo siku ile, mama. Ile uliyonisemea."

"Madoa ni mengi."

"Yalikuwa mawili. Wenzangu wote waliona mawili."

"Na haya mengine?"

"Sijui. Niliyachora mimi."

Sikuzani aliishika karatasi muda mrefu. Kuku walianza kudonoa muhogo naye hakuwafukuza.

"Miaka mitano nasema ulikwenda kuangalia jua."

"Nilikwenda, mama."

"Ulikwenda," alisema Sikuzani. "Lakini hukuliangalia, mwanangu."

Akamrudishia karatasi, akauliza kama amekula. Wakamletea ugali na mbaazi. Arthur alingoja kitu kifunguke ndani yake, kwa kuwa ilionekana ndiyo saa yake, na hakikufunguka. Alisikia chumvi kwenye mbaazi, basi. Alipoinuka kuaga, Sikuzani alisema akiwa amempa mgongo, "Januari mchukue Ethel. Huku hakuna darasa la tano, na mtoto ana akili ya hesabu."

Ethel alikuja na mkeka wake na kuku mmoja. Mwanzoni baba na binti waliishi kama wageni wawili waliopanga nyumba moja. Arthur alimpikia uji, akamkagua hesabu, wakalala. Mwaka ule kilikuja kutoka Uingereza kijitabu kilichopigwa chapa, na kati ya majina ya wachoraji palikuwa na A. Chilumba, Newala. Tarehe kumi na nne Juni palikuwa na kistari kitupu. Ethel alilisoma jina kwa sauti, akalirudia, akataka kumwonyesha kila jirani. Arthur alimwacha aende.

Mwaka 1960 alihamishiwa Masasi kukagua shule. Darubini ilikuwa mali ya misheni, akaikabidhi ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Asubuhi ya kuondoka, lori likinguruma, Ethel alimwuliza, "Baba, sasa nani atachora?"

"Wapo wengine wengi wanaochora."

"Wa Newala?"

"Wa Newala hayupo," alisema Arthur, akampa mkono kumpandisha juu ya magunia ya korosho, kisha akapanda naye.