Maksai Asiyeuzwa na Digrii Isiyo na Soko

Ni saa tatu asubuhi na mabati ya kituo cha usuluhishi hapa Kakuma tayari yanalia kwa joto. Nakaale Lokuruka, mkalimani, ameketi kwenye benchi, katikati ya wanawake wawili wasiotaka kutazamana.

Kushoto kwake ni Akal, mama mzee wa Kiturkana anayeuza kuni katika kambi ya wakimbizi. Mkono wake umefungwa kitambaa. Kulia ni Marie-Claire, mkimbizi kutoka Kongo, amemkumbatia mtoto mchanga kama mtu anayeficha kitu cha wizi. Nje ya ua wamesimama vijana wa ukoo wa Akal na fimbo zao. Hawapigi kelele, na hilo ndilo linalotisha.

"Alitemea mutoto wangu mate ku kifua!" anafoka Marie-Claire. "Kwetu ule ni bulozi! Nilimusukuma, ndiyo. Na akirudia nitamusukuma tena."

Akal anajibu maneno machache kwa Kiturkana, macho yake yakiwa chini.

"Tafsiri, madam," anahimiza afisa anayeandika ripoti. "Neno kwa neno tu. Kuna kesi nyingine inangoja."

Nakaale hatafsiri. Anamgeukia Marie-Claire.

"Mama, kwenu mtoto akizaliwa, wazee wanambariki namna gani?"

"Hiyo iko na kazi gani hapa?"

"Niambie tu."

Marie-Claire anasita. "Koko wangu alikuwa anapuliza mutoto ku sikio. Anamuita na jina."

"Na alipopuliza, mate hayakutoka hata kidogo?"

Marie-Claire anataka kununa, lakini mdomo wake unamsaliti. "Koko hakukuwa na meno," anasema, na kucheka kunamponyoka.

"Basi na huyu amepuliza," anasema Nakaale. "Hii ni nchi kavu, mama. Mzee akikutemea mate kifuani amekupa maji yake mwenyewe. Amemwombea mtoto wako maisha. Ulipomsukuma, mkono uliumia, lakini kilichouma zaidi ni baraka kuanguka chini."

Kisha anamgeukia Akal na kumweleza kwa Kiturkana habari za bibi wa Kongo asiye na meno. Akal anainua uso. Anasema kitu, na safari hii Nakaale anakitafsiri hivyo hivyo: "Kumbe hata wao wana bibi!"

Marie-Claire anamsogeza mtoto mbele, taratibu. "Muambie arudilie," anasema. "Lakini mate kidogo."

Nje ya ua, vijana wanaondoka mmoja mmoja. Afisa anaandika kwamba ulikuwa ugomvi wa kuni na umekwisha. Nakaale anapomuuliza mbona hakuandika ukweli, anacheka. "Niandike nini, madam? Mate?"

Nakaale ana miaka 31. Ana digrii ya fasihi na isimu kutoka chuo kikuu kimoja cha umma. Huko ndiko alikojifunza kwamba kabla ya kuhukumu neno la mtu, unatafuta kwanza linatoka katika maisha gani. Utafiti wake wa mwisho ulimpeleka hadi Kainuk, ambako alikaa na wanawake kando ya mto Turkwel akisikiliza nyimbo wanazoimba wakichota maji.

Leo yeye ni kibarua. Hulipwa siku anayoitwa, na asipoitwa huuza vikapu vya mkoma mjini Lodwar. Dereva aliyemleta kituoni ana mshahara wa kila mwezi. Mlinzi wa lango pia. Anayezuia fimbo zisiingie ndani ya ua hana.

"Nyumba zikiungua watakuja kuzihesabu," anasema, akipangusa vumbi usoni. "Nani atakuja kuhesabu ambazo hazikuungua?"

Lakini hasira yake ya mwaka huu haihusu mshahara wake. Inamhusu mdogo wake, Ereng, mwenye miaka 19, aliyepata nafasi ya kusoma historia na Kiswahili chuo kikuu.

Ereng alipeleka ombi kwa kamati moja ya basari ya karo mjini Lodwar. Katika kikao cha wazi, mwenyekiti alisimama akatangaza kwamba wanafunzi wa masomo ya sanaa watafikiriwa mwisho, kama kutabaki kitu.

"Tunataka maji, barabara na hospitali," alisema. "Hadithi tunazo. Bibi zetu wanazisimulia bure."

Watu wakapiga makofi. Nakaale akainua mkono.

"Mheshimiwa, ni kweli bibi zetu wanazisimulia bure. Mbona basi kila mwaka wageni wanalipwa kutoka Nairobi kuja kutuuliza sisi ni nani?"

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwenyekiti naye akatabasamu, akasubiri kicheko kiishe.

"Wewe digrii yako imekupa nini?" akauliza. "Hata pikipiki huna."

Kicheko kikahamia upande wa pili. Ereng, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, akatoka nje.

"Kunicheka mimi, sawa," anasema Nakaale. "Lakini yule kijana aliniangalia kama mtu anayeangalia maiti yake mwenyewe. Usiku ule akaniambia, 'Dada, niachie tu. Nitatafuta pikipiki.'"

Daraja linahitaji injinia, hakuna anayebisha. Lakini daraja likishajengwa, watu wa ng'ambo hii na ng'ambo ile watasalimianaje? Nani atafundishwa kazi hiyo, na kwa pesa za nani? Ni aibu kwamba katika nchi yenye kambi ya lugha zisizohesabika, anayetaka kusoma lugha anaambiwa apange foleni nyuma ya kila mtu.

Lilibaki tumaini moja: mbuzi wa baba yao. Mzee Lokuruka anafuga karibu na Kalemng'orok, na alikwisha kusema kwamba atauza mbuzi kwa ajili ya mtoto daktari au injinia, si kwa ajili ya msimulizi wa hadithi.

Habari za ukumbini zilimfikia kabla ya Nakaale.

"Ejok, apa," alimsalimia baba yake.

"Ejok. Nasikia wamekucheka."

"Wamenicheka."

"Na unataka wamcheke na huyu?" Akanyoosha fimbo kumwelekea Ereng, aliyekuja na dada yake. "Masomo hayo hayana soko. Mwenyekiti amesema."

Hapo ndipo Nakaale alipotamka jambo ambalo binti wa Kiturkana hamwambii baba yake.

"Basi muuze Longor."

Longor ni maksai wa kahawia wa mzee. Pembe zake zilikunjwa kwa mkono tangu akiwa ndama. Mzee humwimbia, na kwa sababu yake wanaume wa rika lake humwita Apalongor, baba wa Longor. Katika ukame uliomaliza nusu ya mifugo ya boma, mzee alimchumia majani kwa mikono yake.

"Huyo hauzwi," alisema mzee.

"Hana soko?"

"Ana soko kuliko wote!" Sauti ilipanda. "Kila mwaka wanunuzi wanamlilia."

"Halimi, hakamuliwi, na humuuzi. Anakufanyia kazi gani, apa?"

"Nikimuuza," mzee alisema, "nitaitwa nani?"

Nakaale anasema baba yake aliyasikia maneno yake mwenyewe, akaketi kwenye kigoda chake, akamtazama maksai kwa muda mrefu. Kisha akamwambia Ereng afungue zizi la mbuzi.

Mbuzi hao waliuzwa mnadani Lokichar wiki iliyopita. Watamtosha Ereng mwaka wa kwanza tu. Wa pili haujulikani utalipwa na nani, na kamati haijabadilisha msimamo wake.

Ndiyo maana mzee Lokuruka amesema ataingia Lodwar kwa kikao kijacho. Ana swali moja kwa mwenyekiti: baba yako aliitwa kwa jina la maksai gani? Na kama hujui, nani amesomeshwa ili akukumbushe?

"Ameniambia nitamtafsiria," anasema Nakaale. "Nikamwambia, apa, yule ni Mturkana, atakuelewa. Akasema, 'Najua atanielewa. Lakini vikao vyao wanaviandika kwa Kiingereza. Nataka liandikwe.'"

Anachukua mkoba wake. Afisa anamwita tena. Kesi nyingine imefika.

"Siku hiyo," anasema akiinuka, "nitatafsiri neno kwa neno."