Mteja Niliyeletewa kwenye Intavyu

Nimefanya intavyu nyingi mpaka suruali yangu nyeusi inajua njia yenyewe. Tororo waliniuliza najiona wapi miaka ijayo, nikawajibu, "Hapa hapa," wakacheka sana na hawakunipigia simu tena. Malaba walitaka mtu wa kuongea Kifaransa na madereva wa Kongo. Diploma yangu ya umeme ikabaki kwenye bahasha, na mke wangu akaendelea kutulisha kwa mukene, wale dagaa wadogo anaowatoa ziwani Majanji na kuwauza sokoni Busia. Mwanamume anayelishwa na mkewe hujifunza kusifu kila mboga, hata iliyoungua.

Kwa hiyo kampuni moja ya pampu za sola, yenye ofisi Busia ya upande wa Kenya, iliponiita, niliitaka ile kazi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Walitafuta mshauri wa mauzo: mtu wa kumweleza mkulima pampu ipi inafaa kisima chake na paneli ngapi zitaiendesha. Hayo nayajua.

Mkubwa wao, mama kutoka Nairobi, hakutaka hadithi. "Tumeita wakulima wenyewe," alituambia. "Utamuuzia mmoja hapa hapa, tuone. Lakini akiwa mtu wenu, sema mapema, utoke. Hapa hakuna mambo ya kujuana." Kijana aliyenitangulia alikiri kwamba mkulima wake ni mjomba wake. Walimshukuru, wakamwonyesha mlango.

Ikafika zamu yangu, na aliyeingia alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu, mwanamume na mama aliyemzaa mkewe hawapeani mkono wala hawatazamani usoni. Nikikutana naye njiani mimi huingia majanini ili apite, na yeye huvuta leso akageuka. Hatuna ugomvi, ndivyo tunavyoheshimiana. Sasa tulikuwa chumba kimoja, pampu mezani katikati yetu, na watu watatu wameshika kalamu.

Alivuta leso, akaketi akitazama ukuta. Mimi nikainamisha kichwa, nikaanza kuieleza pampu.

"Mbona unaongea na pampu?" mkubwa akauliza. "Angalia mteja. Ama mnajuana?"

Nikautazama mlango. Nikamfikiria mke wangu na beseni lake la mukene kichwani. Nikasema, "Hapana, madam. Simjui huyu mama."

Leso ikashuka polepole. Mama mkwe akageuka, akanitazama machoni kwa mara ya kwanza tangu nimwoe binti yake. Akanyoosha mkono juu ya ile pampu.

"Kama hatujuani, kijana, lete mkono tusalimiane."

Hata hapo ningeweza kusema ukweli. Niliupokea mkono. Ulikuwa mkavu, una sugu za jembe, na haukukaza wala kulegea.

"Haya," akasema, "nionyeshe hii kitu yako."

Nikamwonyesha. Laiti ningejikwaa! Sijawahi kueleza jambo vizuri namna ile. Aliuliza kama itafikisha maji kwenye nyanya zake za mlimani, kama mawingu yakitanda itazima, na nani ataitengeneza ikiharibika. Nilimjibu kila swali nikimtazama usoni, kwa kuwa ndivyo walivyotaka, na uso wangu ulikuwa unawaka. Wale watatu waliandika huku wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Alipomaliza aliniambia "asante, kijana," vile mtu anavyomwambia bodaboda aliyemshusha, akatoka bila kugeuka.

Nilivuka mpaka kwa miguu. Penye bomba la kunawia nilisimama nikanawa mikono, kana kwamba ni mkono uliosema uongo. Watu nyuma yangu walianza kunung'unika kwamba nawachelewesha.

Siku chache baadaye simu ikaja wakati tunakula: nimepata kazi. Mke wangu akapiga vigelegele mpaka majirani wakatoka kuuliza. Kabla sijamzuia, alikuwa ameshampigia mama yake. Walizungumza Kisamia kwa furaha, yeye akiruka ruka mlangoni. Nilijaribu kuendelea kula. Kisha akaacha kuruka, akasikiliza, akanigeukia simu ikiwa bado sikioni.

"Mama anasema Mungu akubariki, umeongea vizuri," alisema. "Ila anasema mkono wako ulikuwa baridi." Akaishusha simu. "Baba watoto, mama yangu ameushika wapi mkono wako?"